Askari Akivua Gwanda, Anaruhusiwa Kuipinga Vita?

Leo tuna swali linalozuka kila nchi inapopeleka vijana wake vitani. Askari amerudi nyumbani, amekabidhi bunduki, amevua gwanda. Kisha anasimama mbele ya watu na kusema kwamba vita alivyopigana havikustahili kupiganwa. Je, ana haki hiyo? Au kiapo alichokula siku ya kuandikishwa kinamziba mdomo mpaka anaingia kaburini?

Kulijibu, twende Marekani, miaka ya vita vya Vietnam. Huko jambo hili lilibishaniwa barabarani, bungeni, mahakamani na hata kwenye televisheni, na kumbukumbu zake zipo.

Jumatatu, tarehe 19 Aprili 1971, wanajeshi wa zamani wapatao elfu moja waliingia mjini Washington. Wengine walikuwa wamefuga nywele hadi mabegani, wengine wanatembelea magongo, wengine wanasukumwa kwenye viti vya magurudumu. Wengi walivaa zile kombati zao kuukuu za msituni. Walikuwa wa chama kilichoanzishwa New York mwaka 1967, chama cha maveterani wa Vietnam wanaoipinga vita, kilichotokana na vijana sita tu waliokutana kwenye maandamano ya amani. Juma lile walilipa jina la kijeshi, Dewey Canyon III. Dewey Canyon ya kwanza na ya pili zilikuwa operesheni za kweli karibu na mpaka wa Laos. Hii ya tatu, walisema wenyewe, ni uvamizi mdogo ndani ya nchi iitwayo Bunge. Kejeli za askari hizo. Aliyewahi kukaa kambini anazijua.

Wakiongozana na kina mama waliofiwa na watoto wao vitani, walikwenda hadi makaburi ya kitaifa ya Arlington kuweka mashada. Geti likafungwa. Hebu fikiria, msikilizaji: mtu amerudi hai, rafiki yake amelazwa pale ndani, na yeye anazuiwa kumwekea ua kwa sababu ya maneno aliyoyasema kuhusu vita vilivyomuua huyo rafiki. Kesho yake walirudi tena, na safari hii wakafunguliwa.

Likaja suala la mahali pa kulala. Serikali ya Rais Nixon ilikwenda mahakamani ili wasipige kambi kwenye Mall, ule uwanja mrefu wa majani ulio mbele ya Bunge, na Mahakama ya Juu ikaliafiki zuio hilo. Tafsiri yake ikawa ya kuchekesha: kukaa pale usiku kucha ruksa, kusinzia marufuku. Veterani walijadiliana, kisha wakapiga kura. Waliotaka kulala walikuwa 480, waliotaka kukesha 400. Wakalala. Polisi walipita usiku, wakawaacha. Hakuna aliyetaka picha ya askari asiye na miguu akiburutwa kutoka kwenye blanketi lake itokee kwenye magazeti ya asubuhi. Kulipokucha serikali yenyewe iliomba zuio liondolewe, na jaji aliyekuwa amelitoa akawakaripia mawakili wa serikali kwa kuichezea mahakama.

Siku hiyohiyo, Alhamisi, Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti, chini ya Seneta J. William Fulbright, ilimsikiliza luteni wa zamani wa Jeshi la Majini aliyekuwa na umri wa miaka 27. Jina lake John Kerry. Alikuwa ameongoza boti za doria kwenye mito ya delta ya Mekong, na kifuani alikuwa na alama za nishani zake, zikiwemo tatu za kujeruhiwa vitani. Aliwaambia maseneta mambo ambayo askari wenzake walikuwa wameyakiri kwamba waliyatenda au waliyaona. Kisha akauliza swali ambalo Wamarekani wanalikumbuka hadi leo: unamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa?

Ijumaa ikawa zamu ya nishani. Mbele ya jengo la Bunge kulikuwa kumewekwa uzio. Mmoja baada ya mwingine, mamia ya wanaume walikwenda kwenye kipaza sauti. Huyu akataja jina lake, huyu la rafiki aliyekufa, huyu akatukana tu, kisha akarusha alichopewa na taifa upande wa pili wa uzio. Kerry naye alirusha riboni zake, pamoja na nishani za wenzake wawili ambao hawakuweza kufika. Nishani zake mwenyewe alibaki nazo, na jambo hilo lilikuja kumsumbua miaka mingi baadaye.

Sasa tuingie kwenye sheria, maana hapo ndipo wengi huchanganya.

Katiba ya Marekani, katika Marekebisho yake ya Kwanza ya mwaka 1791, inalizuia Bunge kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Lakini askari aliye kazini hana uhuru huo kwa kipimo kilekile cha raia. Novemba 1965, luteni usu mmoja wa kambi ya Fort Bliss, Henry Howe, aliingia kwenye maandamano madogo mjini El Paso, Texas. Hakuwa zamu. Alivaa nguo za kiraia. Alibeba bango lililoishutumu serikali ya Rais Johnson kwa uvamizi wa kifashisti huko Vietnam. Mahakama ya kijeshi ilimfukuza jeshini na kumfunga kwa kazi ngumu, kwa sababu sheria ya jeshi inamkataza afisa kumtolea Rais maneno ya dharau. Daktari wa jeshi, Kapteni Howard Levy, alifungwa kwa kukataa amri ya kuwafundisha makomando na kwa kuwaambia askari weusi kwamba wasikubali kwenda Vietnam. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1974, akashindwa. Majaji walisema jeshi ni jamii ya peke yake, na linalovumiliwa uraiani huenda lisivumilike kambini.

Mimi sioni kwamba kanuni hiyo haina maana. Anayekumbuka Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi na kutoka kambini Colito na silaha zao, anajua kwa nini mtu mwenye bunduki ya umma hawekwi kundi moja na mwenye kipaza sauti. Ila miezi ya jela kwa ajili ya bango, tena siku ya mapumziko, naona ni kupita kiasi.

Lakini angalia tofauti. Howe alikuwa bado jeshini. Kerry na wale wa kwenye Mall walikuwa wameshatoka. Siku askari anapopewa cheti cha kuachishwa jeshi, mahakama ya kijeshi humwachia, naye hurudi kuwa raia kama muuza duka na mwalimu. Wapo wanaobaki nusunusu: waliotumikia miaka mingi wakastaafu kwa pensheni ya jeshi, hao sheria ya kijeshi bado inaweza kuwafikia. Ila vijana wa Vietnam wengi walitumikia miaka miwili, mitatu, wakaondoka zao.

Na sare je? Mwaka 1970, Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya Daniel Schacht, aliyevaa sare ya jeshi kwenye mchezo mfupi wa barabarani huko Houston wa kuipinga vita, akahukumiwa miezi sita. Sheria iliwaruhusu waigizaji kuvaa sare, mradi igizo lisilivunjie jeshi heshima. Majaji wote walilifuta sharti hilo. Ukimruhusu mtu avae sare jukwaani kwa kulisifu jeshi, walisema, huwezi kumfunga mwenzake aliyeivaa kwa kulikosoa.

Ndiyo kusema haki ya veterani kuipinga vita haikutokana na uaskari wake. Ni haki ya raia yeyote, na ya dobi pia. Uaskari unaongeza kitu kingine: uzito. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Muhammad Ali alipokataa kwenda Vietnam mwaka 1967, wapinzani wake walikuwa na neno jepesi la kumwambia: mwoga. Neno hilo huwezi kumwambia mtu aliyeacha mguu wake huko.

Mfano wa Ron Ridenhour unaonyesha zaidi. Huyu alikuwa askari wa kawaida Vietnam mwaka 1968. Kidogokidogo, kwa marafiki zake, alianza kusikia habari za kijiji ambacho kikosi kimoja kiliingia asubuhi ya tarehe 16 Machi na kuua wanawake, watoto na wazee. Hakusema kitu wakati huo. Aliendelea kuuliza, mtu kwa mtu, wapi, nani, wangapi, huku akiwa bado jeshini pamoja na watu walewale ambao angewataja. Aliporudi Arizona na kuachishwa jeshi, aliandika barua, tarehe 29 Machi 1969, akatuma nakala zipatazo 30: kwa Rais, kwa Pentagon, kwa wabunge. Wengi hawakushughulika nayo. Wachache walishughulika, hasa mbunge wa Arizona, Mo Udall, na jeshi likalazimika kuchunguza. Kijiji kile ni My Lai. Wamarekani walihesabu waliouawa 347. Mnara wa Wavietnam una majina 504. Luteni William Calley alitiwa hatiani tarehe 29 Machi 1971, miaka miwili kamili tangu barua iandikwe.

Wakubwa wa jeshi katika eneo lile walijua kuna jambo, wakalifunika. Kama Ridenhour angeambiwa kwamba askari wa zamani hatoi siri ya kikosi, dunia ingejua lini?

Haki kuandikwa ni jambo moja, kuachwa uitumie ni jingine. Watu wa Nixon walianza kwa kutilia shaka kama wale wa kwenye Mall walikuwa askari kweli, nao wakatoa vyeti vyao mfukoni. Baadaye ilitumika njia nzito zaidi. Julai 1972, viongozi wa chama chao walishtakiwa kwa kula njama ya kufanya vurugu kwenye mkutano mkuu wa Republican huko Miami Beach. Kesi ilisikilizwa Gainesville, Florida, ikaitwa ya Wanane wa Gainesville. Saba kati yao walikuwa maveterani. Ilidhihirika kwamba ndani ya chama kulikuwa na watoa habari wa serikali, watu waliokula na kulala na washtakiwa. Siku moja washtakiwa walipokuwa wakizungumza na mawakili wao katika chumba walichopewa pale mahakamani, waligundua mawakala wawili wa FBI kwenye kichumba cha pembeni, wakiwa na vifaa vya elektroniki. FBI ilieleza kwamba walikuwa wanakagua simu zao wenyewe, na jaji akayakubali maelezo hayo. Jopo la raia halikuhitaji muda mrefu. Tarehe 31 Agosti 1973, baada ya saa chache tu, wote wanane waliachiwa huru.

Na mtu hubanwa pia tumboni. Hilo lilikuwapo hata kabla ya Vietnam: James Kutcher alipoteza miguu yote miwili Italia mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili. Miaka mitano baadaye alifukuzwa kazi katika idara ya maveterani kwa kuwa mwanachama wa chama kidogo cha kisoshalisti, na mwaka 1955 wakamsimamishia hata malipo ya ulemavu. Alipiga kelele na watu wakamsaidia. Malipo yakarudi, na kazi yake pia. Lakini ni wangapi walioiona kesi yake wakaamua kunyamaza?

Kabla hatujaagana, tusidhani maveterani wote walikuwa upande mmoja. John O'Neill, aliyetumikia kwenye boti za aina ileile ya Kerry, aliona kwamba mwenzake amewachafua askari wote. Ikulu ilimtafuta, ikamtia moyo. Tarehe 30 Juni 1971 wawili hao walibishana kwenye kipindi cha televisheni cha Dick Cavett, taifa zima likitazama. Mwaka 2004, Kerry alipogombea urais, O'Neill alirudi na kundi la maveterani kumpinga, na zile riboni zilizorushwa uzioni zikafufuliwa. Kerry akashindwa na George W. Bush, aliyekuwa ameanzisha vita vingine, vya Iraq.

Je, O'Neill alikuwa na haki ya kusema? Alikuwa nayo, sawasawa na Kerry. Na sisi tunaosikiliza tunabaki na kazi ya kupima: nani aliona kwa macho, nani amesimuliwa, nani anasema kwa sababu ametumwa. Waliokosea hapa ni wale waliofunga geti la Arlington na kupandikiza wapelelezi ndani ya chama cha watu waliokwisha kulitumikia taifa lao.

Kama nyumbani kwako kuna mzee aliyepigana, iwe Kagera au kwingineko, muulize wiki hii anavionaje vita vile, umwache amalize asemalo kabla hujambishia. Kisha tuandikie, barua zenu tutazisoma kipindi kijacho. Kwaheri kwa sasa.