Krismasi Mbali na Nyumbani
Maneno tuliyosema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Kombewa

 

Mmetuomba tuongee juu ya Krismasi ya ng'ambo. Sisi tuko watatu, na sote tulifanya kazi ya nyumba kule Doha, nchi ya Qatar. Hatukuja kujivuna wala kuwatisha. Tumekuja kusema yale ambayo kwa simu hatukuyasema.

Qatar ni nchi ya Waislamu, na tarehe 25 Desemba watu huenda kazini kama kawaida. Mwaka 2018 ilikuwa Jumanne. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukafua, tukapika, tukaogesha watoto wa wenye nyumba. Na saa ya Doha ni moja na saa ya Kombewa. Kwa hiyo tukipiga pasi tulijua kabisa: saa hii wanatoka kanisani, saa hii kuku anakamatwa, saa hii chapati ziko motoni. Hilo ndilo lililotuumiza.

Kule siku ya mapumziko ni Ijumaa. Sheria yao ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumba siku moja ya kupumzika kila wiki, ingawa si kila mwajiri anaifuata. Makanisa yako mahali pamoja, panaitwa Mesaimeer, na Ijumaa watu hujaa huko kama Jumapili ya hapa. Basi Krismasi yetu ilikuwa Ijumaa, tarehe 28. Baada ya ibada tulienda chumba cha rafiki mmoja anayefanya usafi wa ofisi. Mganda alileta ndizi za kupika, Wafilipino wakaleta tambi, sisi tukasonga ugali. Viti havikuwako, tukala sakafuni. Mmoja alianza wimbo wa kwao, wengine wakaitikia bila kujua maneno. Tulicheka, tukalia, halafu tukala tena.

Lakini tulikuwa wawili tu. Mwenzetu wa tatu hakufika.

Alikuwa hajalipwa miezi mitatu. Huku nyumbani walikuwa wakipiga simu: pesa ya kondoo, pesa ya mabati, pesa ya yunifomu. Aliona haya kusema ukweli. Alijibu, "Nitatuma kesho." Kesho ikafika, akazima simu. Siku tisa mama yake alidhani amekufa. Mama huyo yuko hapa leo, ametukubalia tuseme.

Ni marafiki waliomtafuta. Walichanga riyali kidogo kidogo, wakampigia mama yake, wakamsaidia mwenzetu kupeleka malalamiko. Katika mishahara mitatu alilipwa miwili. Jamani, hao hawakuwa ndugu zake. Wengine hata jina lake hawakuweza kulitamka.

Kwa hivyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, simu ya Krismasi ianze na salamu. Ulizeni, "Umekula? Umelala? Unalipwa?" Mambo ya pesa yaongelewe mapema, Novemba, na mtoto awe huru kusema hana.

Pili, kabla mtu hajasafiri, hakikisheni wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile inayoitwa NEA. Nakala za pasipoti na mkataba zibaki nyumbani, pamoja na namba ya rafiki mmoja aliye huko.

Tatu, kikundi kiweke akiba ya Krismasi. Shilingi 50 kwa wiki, kwa wiki 48, ni shilingi 2,400 kwa kila mwanachama. Hiyo inatosha kuku, unga na mafuta, bila kumngojea aliye Doha.

Nne, tazameni hapa hapa. Kuna walimu, wauguzi na vibarua ambao Desemba hawapati ruhusa ya kwenda kwao. Wako chumbani peke yao tunapokula. Waiteni. Sahani moja zaidi si mzigo.

Sisi tulilishwa na watu wasiotujua, na ndiyo sababu tumerudi tukiwa wazima. Deni hilo hatuwezi kulilipa Doha. Tutalilipa hapa Kombewa.