Jua la Nchi ya Baridi: Mhadhara juu ya Mionzi na Chembe Hai



Mtu akaaye Mbulu, au Katesh chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, aghalabu hudhani kwamba jua la huko, kwa kuwa haliunguzi kama lile la Tanga, ni jua la upole. Dhana hiyo ndiyo niliyokusudia kuibatilisha, maana joto ni jambo moja na mionzi ni jambo jingine: kila mtu apandapo mita 1,000, hewa inayomkinga hupungua, na miale ya urujuanimno huzidi kwa kadiri ya asilimia 10, ijapokuwa baridi inamtetemesha.

Chembe hai haidhuriwi na wingi wa nishati bali na mahali nishati hiyo inapoangukia. Eksirei ya kipimo cha grei 4, ikiupiga mwili mzima kwa mara moja, yaweza kumwua mtu asiyetibiwa, ilhali nishati yake yote humpandisha joto kwa kadiri ya sehemu moja tu ya elfu ya digrii. Mionzi hiyo hukata nyuzi za DNA, ama kwa kuzipiga yenyewe, ama kwa kuyapasua maji ya seli yakazaa radikali kali zinazozishambulia. Na uzi mmoja ukikatika, seli huutengeneza kwa kuufuata ule wa pili, lakini zikikatika zote mbili pamoja, maungio huweza kuwa ya makosa. Miale ya jua haina nguvu hiyo; yenyewe hugandisha herufi mbili za DNA ziitwazo thaimini, zilizo jirani, na kazi ya kunakili DNA ikifika hapo hukwama au hukosea.

Protini nazo hudhurika, ila nyingi huvunjwa na kuundwa upya. Za kiini cha lenzi ya jicho hazibadilishwi: tunazaliwa nazo na tunazikwa nazo, na jua la miaka mingi, likizishikanisha, hushiriki kuleta mtoto wa jicho. Tena mafundi wenyewe waitengenezao DNA ni protini.

Mwenye melanini nyingi, yaani ile rangi ya ngozi, amefunikiwa mwavuli juu ya viini vya seli za ngozi. Mwenye ualbino hana. Kwa hiyo nauona msiba mtoto wa namna hiyo kupelekwa machungani kutwa nzima kichwa wazi, kwa hoja kwamba kuna mawingu, ilhali mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nami nashikilia kwamba yastahili kuhesabiwa miongoni mwa dawa za lazima katika kila zahanati ya wilaya za Mbulu na Hanang, pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu, tangu utotoni, kwa kuwa saratani ionekanayo ujanani yaweza kuwa ilianza kwa kosa la kunakili lililotokea mtoto alipokuwa bado hajaanza shule.