Matayarisho Kabla ya Kumwita Fundi wa Rangi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Rongai)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya kupaka nyumba rangi, na huenda wengine wenu mwastaajabu kwamba jambo dogo kama hili limepewa nafasi katika mkutano mkuu. Lakini wazee wanaosikiliza mashauri ya majirani watanishuhudia kwamba ugomvi wa mwenye nyumba na fundi wake si haba. Huyu adai amekwisha kulipa, yule adai kazi ilizidi mapatano, na huku rangi yabambuka ukutani kabla ya masika kwisha. Mara nyingi chanzo cha hayo hakikuwa brashi ya fundi. Chanzo kilikuwa katika siku zile ambazo fundi alikuwa hajaitwa bado.

Kwanza tuutazame ukuta. Mawe ya majivu ya volkano yachimbwayo pande zetu hizi za Nakuru ni mepesi kuchonga, lakini hunywa maji. Ikiwa paa halina mfereji, maji ya mvua huruka chini na kuulowesha ukuta, na rangi yo yote utakayoipaka hapo, hata iwe ya bei gani, itavimba na kuanguka. Basi mfereji utangulie, rangi ifuate. Tena, ukuta uliopigwa plasta mpya ya simiti uachwe ukauke majuma manne kwa uchache, kwa maana ukali wa simiti mbichi huila rangi. Na wakati uchaguliwe vema: masika haifai, na katika Januari na Februari yafaa kazi ya nje ifanywe asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi letu mnalolijua.

Kisha pimeni wenyewe. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina kuta za mita za mraba 35. Ukitoa mlango na dirisha, zabaki kama 31. Lita moja ya rangi ya maji hutosha mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini. Kwa hiyo mikono miwili yataka lita 6 na kidogo, yaani makopo mawili ya lita 4. Mwenye kujua hesabu hii hataambiwa anunue makopo matano.

Sasa naingia katika jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Baadhi yetu twakaa katika nyumba za zamani, zilizojengwa wakati wa mashamba ya walowezi, kabla ya 1963. Rangi ya mafuta iliyomo milangoni na madirishani mwake huenda ina madini ya risasi, ambayo yalitiwa ili rangi ing'ae na kukauka upesi. Hatari yake si habari mpya. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano ya kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumiwe ndani ya majengo, ila mahali pachache. Hata hivyo rangi za risasi ziliendelea kuuzwa duniani kwa miaka mingi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama kwake. Siku hizi sheria ya viwango ya Kenya hairuhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni za rangi. Basi kopo lisilo na alama ya Shirika la Viwango la Kenya liacheni dukani.

Rangi ya zamani isikwanguliwe kwa msasa mkavu wala kuchomwa moto. Ilowesheni kwanza, watoto na mama wajawazito wahamie kwa jirani, na fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa izuiayo vumbi laini. Vipande vikusanywe mfukoni, sakafu ipanguswe kwa maji. Msivitupe uani, kwa maana kuku watavidonoa, nayo risasi yaweza kuingia hata katika mayai.

Kuhusu fundi mwenyewe, msitosheke na nyumba aliyoipaka mwezi uliopita. Ombeni awaonyeshe ile aliyoipaka miaka miwili iliyopita. Mapatano yaandikwe, na mtu wa tatu atie sahihi: vyumba vipi, mikono mingapi, nani ataziba nyufa, nani ataleta ngazi, kazi itachukua siku ngapi. Mimi naona afadhali mwenye nyumba anunue rangi mwenyewe, akifuatana na fundi, ili pasiwe na maneno kwamba imezidishwa maji. Malipo yagawanywe mara tatu: kazi inapoanza, mkono wa kwanza unapokauka, na kazi inapokwisha.

Fungu hilo la mwisho lisicheleweshwe. Kuna waungwana kati yetu ambao humwambia fundi "njoo mwisho wa mwezi" hadi anachoka, naye ana watoto kama sisi. Kagueni kazi pamoja naye mchana, madirisha yakiwa wazi, mwonyesheni palipokosewa apatengeneze, kisha mmlipe siku ile ile. Kopo lililobaki lifungwe vema na kuandikwa jina na nambari ya rangi, pamoja na chumba kilichopakwa.