AKIBA NA DENI
Hotuba kwa watu wa Goweko



Nimeombwa niseme juu ya fedha: jinsi ya kuitunza, na jinsi ya kujikinga na deni. Jambo hili si geni katika nchi ya Unyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mali ya bara ilikwenda Bagamoyo juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo ya ratili 60 au 70, nao walilipwa kwa nguo ya merikani, shanga na masango. Mpagazi mwenye busara alirudi kwao na ujira wake, akanunua majembe na ng'ombe. Nguo ilichakaa na shanga zilipotea, lakini jembe lililima na ng'ombe alizaa. Basi fundisho la kwanza ni hili: ujira si mali mpaka ugeuzwe kuwa kitu kizaacho.

Tena ilikuwa desturi mpagazi kupewa sehemu ya ujira kabla ya safari. Aliyeila yote pwani alitembea miezi mizima na mzigo kichwani, naye hana cha kutazamia mbele. Alikuwa amekwisha kula jasho lake kabla halijamtoka.

Leo hatuchukui mizigo, na gari la moshi lapita hapa Goweko. Lakini desturi ile ya kula jasho kabla halijatoka bado tunayo, nayo ndiyo ituumizayo. Mkulima wa tumbaku, mpunga, karanga au alizeti hupata fedha mara moja kwa mwaka, bali hula kila siku. Inapofika Januari ghala ni tupu, mtoto ataka sare ya shule, na mvua yataka watu shambani. Hapo huja mtu mwenye fedha, akasema, "Niuzie mahindi yako yangali shambani."

Na tufanye hesabu. Tuseme mkulima anapewa Sh. 40,000/- mwezi wa Januari, kwa ahadi ya kutoa gunia moja mwezi wa Juni. Juni ikifika, gunia lile lauzwa Sh. 70,000/-. Basi kwa miezi mitano amelipa Sh. 30,000/- zaidi ya alizopokea, yaani sehemu 75 katika kila mia. Hakuona riba, kwa kuwa ilijificha ndani ya gunia. Na tazameni yafuatayo: gunia lililotoka ni chakula cha Januari ijayo. Mwaka wa pili huuza mawili, na mwaka wa tatu hulima shamba la mwingine ilhali lake lina magugu. Hivyo ndivyo mtu mwenye ardhi anavyokuwa kibarua katika kijiji chake mwenyewe.

Wakulima wa tumbaku wana deni la namna nyingine. Mbolea na dawa hutolewa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na bei yake hukatwa wakati wa mauzo. Mkopo huu una faida, lakini yafaa kila mtu aandike mwenyewe mifuko aliyopokea, tarehe, na bei. Asiyeandika hawezi kuhojiana na daftari la chama. Na mahali wanachama wanapodhaminiana, uvivu wa mmoja, au tumbaku aliyoiuza kwa siri, hulipwa na jirani yake. Kwa hiyo mchagueni mwenzenu wa dhamana kama mnavyomchagua mchumba wa binti yenu.

Walimu nao wasijidhani wamesalimika kwa kuwa wana mshahara. Wako wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la "kausha damu". Hawa huchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri, na mshahara ukiingia, wao ndio wa kwanza kuupokea. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mwombeni aionyeshe. Akikasirika, amekwisha kuwajibu.

Jihadharini pia na faida isiyo na kazi. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mchezo wa fedha ulioitwa DECI, ambao watu waliambiwa wapande mbegu na kuvuna maradufu. Hapakuwa na shamba wala duka. Fedha ya waliokuja nyuma ndiyo iliyolipa waliotangulia. Mchezo wa namna hii hurudi kila mara kwa jina jipya, na siku hizi huingia kwa njia ya simu.

Basi tufanyeje? Kwanza, siku ya mauzo, kabla ya kupita dukani, gawanyeni fedha mafungu matatu: chakula mpaka mavuno yajayo, shule na matibabu, na mbegu ya mwaka ujao. Sherehe na ipate kitakachobaki. Pili, wekeni magunia ya chakula kando, wala yasiuzwe hata bei ikipendeza. Tatu, jiungeni na kikundi cha kuweka na kukopa kilichosajiliwa, chenye daftari linalosomwa mbele ya wanachama wote. Nne, kila deni liandikwe: kiasi, riba kwa shilingi, na siku ya kulipa, nanyi msitie sahihi wala dole gumba katika karatasi msiyosomewa. Tano, mume na mke wahesabu pamoja, kwa maana deni la siri huvunja nyumba kabla ya kumaliza ghala.

Sisemi mtu asikope kamwe. Mkopo wa jembe la ng'ombe au mizinga ya nyuki waweza kujilipa wenyewe. Mkopo wa ngoma ya siku moja hulipwa na watoto. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Nawaomba walimu waifanye hesabu ile ya gunia pamoja na wanafunzi wao, na wazee waisimulie barazani. Atakayeielewa Juni hatalia Januari.