Kosa Dogo, Mzigo Mkubwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Leo hatusemi juu ya mishahara. Twasema juu ya makosa madogo: kuchuuza bila leseni, kulewa hadharani, kufanya fujo. Sheria hizi hazimtaji tajiri wala maskini. Lakini mtu wa Milimani hunywa pombe yake sebuleni, mlango umefungwa, wala hapana wa kumwuliza. Mtu wa Nyalenda au Obunga, barabara ndiyo sebule yake na ndiyo duka lake. Basi askari humwona huyu, yule hamwoni.

Jambo hili ni la zamani. Sheria ya kipande ya 1915, iliyotiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande chake popote aendapo. Asiyekuwa nacho alishtakiwa. Kipande kilikwisha, desturi ya kumshuku maskini haikwisha. Ukaguzi wa mahakama, polisi na magereza ya Kenya uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba kadiri ya mashauri 70 katika kila 100 yalikuwa ya makosa madogo.

Mwenzetu mmoja, mama wa samaki, alikamatwa Ijumaa jioni. Akalala ndani hadi Jumatatu, akakubali kosa upesi ili arudi kwa watoto. Faini ilikuwa ndogo. Lakini samaki walikuwa wameoza, na deni la mwenye mtumbwi lilikuwa likimngoja. Hasara hiyo haikuandikwa katika risiti.

Hatusemi askari waache kazi. Mwizi wa soko la Kibuye hutuibia sisi kwanza. Twasema kosa dogo lisimfilisi mtu.

Basi tuijue haki yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wa kumsaidia. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata ikiwa korti imefungwa. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimruhusu mtu yeyote kumweka mshtakiwa rumande. Na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, ikazitaka nchi zizifute au kuzirekebisha.

Lakini haki iliyo kitabuni haitembei yenyewe hadi kituoni. Kwa hiyo twaomba kila tawi lichague watu wawili. Mwenzetu akikamatwa, mmoja aende kituoni aulize kwa adabu: kosa gani, saa ngapi, dhamana kiasi gani? Wa pili aende akatunze biashara na watoto. Asiwepo tena mwenzetu wa kukubali kosa kwa sababu ya upweke.

Umoja ni nguvu.