Hendeli, Stata na Mkono Wako

(Sauti: injini ya mashine ya kusaga inazungushwa kwa mkono, inakohoa mara mbili, kisha inawaka.)

Sauti hiyo unaijua. Ndiyo inayowaambia akina mama waliopanga foleni kwamba mahindi yao yatasagwa leo. Lakini kabla injini haijakohoa kuna kijana aliyeinama, ameshika hendeli ya chuma, anaizungusha kwa nguvu zake zote. Leo nazungumza na kijana huyo, pamoja na fundi anayemfundisha kazi.

Injini ina udhaifu mmoja: haiwezi kujianzisha. Inapata nguvu kwa kuchoma mafuta ndani ya silinda, lakini kabla ya mafuta kuwaka, pistoni lazima ivute hewa na kuibana. Nani ataisukuma pistoni mara ya kwanza? Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa magari mengi ya petroli jibu lilikuwa mkono wa mtu.

Chukua gari la Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, magari zaidi ya milioni 15. Mbele, chini ya rejeta, lilikuwa na hendeli. Dereva hakuikimbilia. Kwanza alivuta breki ya mkono, maana gari hilo lilikuwa na tabia ya kumsogelea mtu aliyeliwasha, hasa asubuhi ya baridi. Kisha alisogeza kijiti kidogo kilichokuwa chini ya usukani, upande wa kushoto, ili kuchelewesha cheche ya plagi.

Hapo kwenye cheche ndipo mikono ilipovunjikia. Injini ikiwa kwenye kasi, cheche hutangulia kidogo kabla pistoni haijafika juu, kwa sababu mafuta yanahitaji muda kushika moto. Lakini unapozungusha kwa mkono, injini inakwenda polepole sana. Cheche ikitangulia, moto unaikuta pistoni bado inapanda na kuirudisha chini ilikotoka. Injini yote inarudi nyuma ghafla, na hendeli pamoja nayo. Ajali hiyo ilitokea mara nyingi kiasi kwamba madaktari wakaupa jina mvunjiko mmoja wa mfupa wa mkono, karibu na kifundo upande wa dole gumba: mvunjiko wa dereva. Jina hilo linatumika hospitalini hadi leo.

Kwa hiyo madereva wa zamani walijifunza namna ya kushika, na namna hiyo inakuhusu wewe. Dole gumba halizunguki hendeli. Linalala upande mmoja na vidole vingine vinne, mkono ukiwa kama ndoano. Halafu unavuta kwenda juu, husukumi kwenda chini. Ukivuta juu na injini ikarudi nyuma, hendeli inashuka, inafungua vidole vyako na kutoka. Ukisukuma chini kwa uzito wa mwili, ikirudi inapanda moja kwa moja kwenye mkono wako, pengine usoni. Na dole gumba likiwa limeifunga hendeli, mkono hauna njia ya kutoka.

Mwaka 1911 fundi Mmarekani, Charles Kettering, alipata njia nyingine. Wengi waliamini kwamba mota ya umeme ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Kettering alikuwa ametengeneza mota ndogo ya mashine za kuhesabia pesa dukani, akajua jambo ambalo wengine hawakulifikiria: mota inayofanya kazi kwa sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake wa kawaida, mradi ipumzike. Magari ya Cadillac ya 1912 yakatoka na stata, ile ambayo waliosoma ufundi kwa Kifaransa huiita démarreur.

Stata ina gia ndogo inayoshika meno ya gurudumu zito la injini. Gia ndogo inazunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja, ndiyo maana mota ndogo inaweza kusogeza injini nzito. Injini ikishawaka, gia inaachia, vinginevyo injini ingeizungusha stata mpaka ivunjike. Na ile siri ya Kettering bado ni sheria kwa dereva wa leo. Usishikilie ufunguo. Jaribu kwa sekunde kumi, kisha acha nusu dakika au zaidi. Ukiendelea tu, unaunguza stata na kumaliza betri, halafu ni kuita vijana wasukume.

Lakini hendeli haikufa. Land Rover za zamani ziliendelea kuwa nayo pamoja na stata, na injini nyingi za dizeli za mashine za kusaga hazina kitu kingine. Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa ikibanwa sana inapata joto, na joto hilo ndilo linalowasha mafuta. Kubana huko ni kugumu kwa mkono. Kwa hiyo juu ya injini kuna kijiti kinachozuia valvu isifunge. Kikiwa kimeinuliwa, hewa inatoka na injini inazunguka kwa wepesi. Zungusha mpaka gurudumu zito lishike kasi hasa, ndipo kijiti kiangushwe. Haraka hapa ndiyo hatari yenyewe: ukikiangusha mapema, pistoni inashindwa kuvuka juu na injini inarudi nyuma, kama Ford ile.

Angalia pia mahali hendeli inapoingia. Kwa kawaida pamechongwa mshazari, ili injini ikiwaka na kukupita kasi, hendeli isukumwe nje yenyewe. Pakiwa pameliwa, pana kutu au uchafu, hendeli inanasa na kuzunguka na injini. Safisha, paka mafuta, na hendeli iliyopinda usiikubali hata bosi akiharakisha. Ikinasa, usijaribu kuidaka! Rudi nyuma, wafukuze watoto, fuata upande wa pili ufunge mafuta. Na kabla ya kuinama, vua skafu, funga mikono ya shati, vua pete.

Injini ikikupiga kifundo cha mkono, usidanganyike kwa sababu vidole vinacheza. Mvunjiko wa dereva unaweza kuonekana kama mteguko tu. Usikubali mtu auvute wala kuukanda. Ufunge juu ya kipande cha ubao au boksi gumu, uning'inize kwa kitambaa shingoni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na ueleze kwamba ulipigwa na hendeli. Mfupa ukiunga vibaya, unaweza usishike tena hendeli wala jembe kama zamani.

Juma lijalo tutafungua chujio la dizeli. Kwaheri.

(Sauti: injini inazimwa.)