Baiskeli na Daftari la Ahadi

Tuseme mmoja wenu huko Sitalike ataka kwenda mbali kwa baiskeli, ili watu wachangie zahanati. Kwanza afanye mazoezi. Juma hili kilometa 10, juma lijalo 20. Mpanda, kwenda na kurudi, ni yapata kilometa 70, hiyo ingoje. Asikae kando ya mto Katuma usiku, maana viboko hutoka kula majani. Nguo nyeusi au ya buluu huwavuta mbung'o. Achukue pampu, viraka na maji.

Sasa fedha. Mtu akisema, "Nitatoa shilingi 100 kwa kila kilometa," amshukuru, kisha afungue daftari. Aandike jina na ahadi, ampe mwenyewe asome, atie sahihi. Maneno matupu husahauliwa upesi, hasa siku ya kulipa! Haya, shikeni kalamu. Andikeni: ahadi.